Chombo Hakigongwi Mara Mbili

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kifundo cha kidole. Kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kilikuwa na sugu ngumu, kubwa kama kokwa ya zeituni, na kabla sijauona uso wake vizuri sugu hiyo ilikuwa imeshagonga meza yangu mara mbili, ikagonga kibao changu cha nta, kisha ikagonga bakuli nililokuwa nikilia dengu.

"Hili la Masueto," alisema. "Limekaa chini kabisa ya joko, karibu na moto. Utalitumia mwaka mmoja, halafu litakumwagia dengu mapajani."

Nilikuwa nimefika Kondatomago, kijiji hiki cha wafinyanzi, siku tatu tu kabla ya hapo, kutoka mji wa bandari wa Narbo nilikomaliza masomo, nikiwa na viatu vilivyoraruliwa na mawe ya njia ya Luteva. Wafinyanzi walikuwa wamekubaliana kumweka mtu wa kuwafundisha watoto wao herufi na kuwaandikia barua za bandarini. Nilimwuliza mama huyo anaitwa nani.

"Banona. Lakini hapa mimi ni Mama Tritos. Ukiniita Banona sitaitika."

Sikujua wakati ule kwamba watu walikuwa wameanza kulikwepa jina hilo la Mama Tritos. Tritos, mwanawe, alikuwa ameondoka vuli iliyotangulia, na majirani hawakujua kama kumwita mama kwa jina la mtoto aliyeondoka vile ni kumheshimu au ni kumtonesha kidonda. Baadhi walimwita shangazi. Masueto, mmoja wa wafinyanzi, alimwita "wewe". Yeye alingoja mpaka aitwe Mama Tritos, ndipo ageuke.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza vyombo. Joko kubwa la hapa huchoma vyombo elfu thelathini kwa moto mmoja, na hakuna mfinyanzi anayeweza kulijaza peke yake. Kila mtu huleta vyake, vikapangwa pamoja, vikachomwa pamoja kwa kuni za msonobari. Likishapoa, vyombo hupelekwa kibandani kwa msikilizaji. Kibanda hicho kimejengwa kwa mawe, kina mlango mmoja na dirisha moja, ili upepo na maneno ya watu visiingie. Msikilizaji hukaa humo peke yake. Huinua chombo kikiwa kimefunikwa, mdomo chini, asiuone muhuri uliopigwa ndani wenye jina la mwenyewe. Hukisogeza sikioni akakipiga konzi moja. Kikilia, hukiweka kapuni juu ya mabua ya ngano, tayari kwa nyumbu wa mizigo. Kisipolia, maana yake kina ufa, hukitupa nje kwa dirisha. Chini ya dirisha kuna shimo la vigae, na ng'ambo ya shimo, hatua ishirini, wamesimama wafinyanzi wenyewe nyuma ya kamba, wakitazama vyombo vyao vikivunjika.

Hakuna anayebisha. Chombo hakigongwi mara mbili, na kilichoingia shimoni hakitolewi. Mimi niliyekulia Luteva na kusomea Narbo niliona ni ukatili, kwa kuwa vyombo vingine vilikuwa na kasoro isiyoonekana. Mzee Summako, mkuu wa joko, alinieleza kwa subira.

"Mwalimu, uliyaona maghala ya Narbo?"

"Niliyaona."

"Sahani yetu inapanda meli pale, inakwenda Italia, inakwenda Afrika, inamfikia mtu ambaye hatatuona hata siku moja. Ikipasuka mbele ya wageni wake, atasema nani ameipasua?"

"Atasoma muhuri."

"Atasoma muhuri. Basi afadhali ipasuke hapa, tuicheke sisi."

Mama Tritos aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, baada ya mama mkwe wake. Alikuwa mwepesi wa ulimi, na wanaume waliomwogopa siku ya kufungua joko walimtania siku nyingine zote ili kujipoza. Nakumbuka asubuhi moja Masueto alimkuta mtoni akifua, akamwuliza kama ameamka salama.

"Mimi nimeamka," alijibu bila kuinua uso. "Sahani zako ndizo zilizolala."

"Umenivunjia mia mbili masika haya. Mke wangu anasema nikuletee jibini, labda utalainika."

"Lete. Nitaligonga kwanza."

Nilipenda kwenda kwake. Alipika kabichi kwa nyama ya nguruwe, akanipakulia katika sahani iliyopinda, maana mfinyanzi hulia gaeni, na nyumbani kwa msikilizaji hakukuwa na chombo kimoja kilichonyooka. Mume wake alikuwa amekufa zamani. Watoto wawili wa kwanza walikufa kabla ya kutembea, ndiyo maana huyu aliyeishi aliitwa Tritos, wa tatu. Habari zake nilizipata kidogo kidogo, na nyingi alizisema akiwa amenipa mgongo.

Kijana huyo alijifunza kwa Mzee Summako tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Alipotimiza kumi na minane alipewa muhuri wake. Hapa mfinyanzi mpya huingiza jokoni vyombo sitini vyenye jina lake. Vikipona nusu, muhuri ni wake milele. Visipofika nusu, anaurudisha kwa mkuu wa joko na kurudi kukanyaga udongo mwaka mzima pamoja na watoto, kabla ya kujaribu tena. Si fedheha kubwa. Wengi wamepitia, hata Masueto.

Tritos alichagua kufinyanga vikombe, vidogo na vyembamba. Mzee Summako alimwonya kwamba chombo chembamba hakina msamaha. Kijana alicheka tu.

Siku ya kufungua, Mama Tritos aliingia kibandani kama kawaida, akagonga, akasikiliza, akatupa. Hakujua chombo kipi ni cha nani. Akafika kwenye kapu la vikombe vidogo. Kimoja hakikulia, cha pili hakikulia, cha kumi hakikulia. Alidhani ni vya mtu mzembe. Ndipo akasikia sauti ya mwanawe dirishani. Alikuwa ameruka kamba ya wafinyanzi, jambo lisilofanywa, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Mama, hicho kigonge tena."

Wanaume walicheka. Mmoja aliuliza kama mtoto anataka na maziwa.

"Rudi nyuma ya kamba," Mama Tritos alimwambia.

"Kigonge tena, mama. Kimoja tu."

"Chombo hakigongwi mara mbili."

Aliniambia kwamba wakati ule moyoni alijiona mtu wa haki. Alifikiri kuwa akimsamehe mwanawe kikombe kimoja, basi miaka yake yote kibandani itakuwa uongo. Aliendelea kugonga. Akavunja hamsini na mmoja. Tritos aliurudisha muhuri kwa Mzee Summako jioni ile ile, akala nyumbani, na asubuhi alikuwa ameondoka na msafara wa nyumbu uendao kaskazini, kwenye nchi ya Waarverni, mji wa Ledoso, ambako majoko mapya yalikuwa yakitafuta mafundi.

"Kila chombo kilichotoka mikononi mwangu kilikwenda mbali," alisema. "Sikujua kama na yeye ni chombo." Kisha akaniuliza kama nataka kabichi zaidi.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa kivulini mbele ya nyumba yake, yeye akichambua dengu, mimi nikisahihisha vibao vya watoto. Nyenje walikuwa wakilia katika misonobari kwa kelele hata nikashindwa kusoma. Mama Tritos aliinua uso akatazama miti.

"Mwaka wa tatu huu nyenje hawalii," alisema. "Hata wadudu wametuhama."

Nilimtazama. Nilidhani ni msemo wa watu wa huku, namna ya kueleza huzuni ya mama aliyeachwa. Nilikuwa kijana wa shule niliyefundishwa kutafuta maana ya ndani katika kila neno. Nikaitikia kwa kichwa, nikanyamaza kwa heshima. Sijapata kujisamehe kwa heshima ile.

Wakati huo wafinyanzi walikuwa na taabu nyingine. Vyombo vilikuwa vikivunjwa zaidi kila mara joko lilipofunguliwa. Waliulaumu udongo wa shimo la chini, wakachimba shimo jipya. Waliwalaumu wakata kuni. Walichinja nguruwe wa tambiko kwenye chemchemi. Hatimaye waligundua kwamba vyombo vinene vinapona na vyembamba vinavunjwa, basi wakaanza kufinyanga vinene. Mimi nilikuwa nimewasikia wachuuzi wa Narbo wakinung'unika kwamba vyombo vya Kondatomago siku hizi ni vizito, vinawachosha nyumbu. Sikuunganisha mambo haya.

Vuli ilipofika, joko lilifunguliwa tena, na Mzee Summako alinialika nisimame na wafinyanzi. Nilisimama mwisho wa kamba, pale inapofika karibu kabisa na shimo. Sahani na vikombe vilitoka dirishani, vikapasuka. Kikombe kimoja chembamba kiliangukia kwenye rundo la majivu laini yaliyomwagwa ukingoni asubuhi ile, kikabingirika hadi miguuni pangu, kizima.

Sikuijua sheria vizuri. Niliinama nikakiokota. Kilikuwa chekundu, kinang'aa, chepesi kama ganda la yai. Mkononi nilikuwa na kalamu yangu ya chuma, nami, kwa upuuzi tu, nikakigonga.

Kililia. Sauti ilikuwa juu, safi, ndefu, ikatanda uani hata mazungumzo yakakatika. Wafinyanzi waligeuka wote. Kibandani Mama Tritos aliendelea kutupa vyombo, kimoja, kingine, kama mtu aliye peke yake duniani.

Masueto alininyang'anya kikombe. Alikigeuza akaona muhuri. Kilikuwa chake. Uso wake ulijaa damu, akaliendea dirisha kwa hatua kubwa, na wanaume wakamfuata wakitazamia vichekesho.

"Wewe, Banona. Hiki kina nini?"

Hakuitika. Masueto akavuta pumzi. "Mama Tritos. Hiki kina nini?"

Alichungulia dirishani. "Nani ametoa chombo shimoni?"

"Mwalimu. Hajui. Niambie kina nini." Akakigonga kwa ukucha, pale pale, karibu na sikio la Mama Tritos. Kikaimba.

"Kimekufa," alisema Mama Tritos. "Kina ufa ndani. Husikii?"

"Nasikia. Wewe unasikia nini?"

"Nasikia ukucha wako. Tak. Basi."

Masueto alikuwa amekwisha fungua kinywa ili acheke. Nilimwona akikifunga polepole. Aligonga tena, safari hii polepole, na macho yake yalikuwa usoni mwa mama yule.

"Na sasa?"

"Tak," alisema. Kisha akatutazama mmoja mmoja, sote tuliokuwa tumesimama na ile sauti bado ikielea juu ya vichwa vyetu. "Mnanitazama nini?"

Adiega, mpwa wake, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba makapu hadi mlangoni, ndiye aliyeingia akamshika mkono. "Shangazi, kinalia. Kinalia kama kengele. Watu wote wanakisikia."

Alikaa chini juu ya kapu tupu. Mazungumzo ya watu alikuwa akiyasikia sawasawa, maana sauti za watu ni nzito. Sahani kubwa nazo zina sauti nzito, alizisikia. Ni sauti ya juu iliyokuwa imemhama masikioni, na kadiri chombo kilivyofinyangwa kwa ustadi zaidi, kikawa chembamba zaidi, ndivyo sauti yake ilivyokuwa juu zaidi. Kwa miaka ile alikuwa akivunja vyombo vilivyo bora kuliko vyote.

Hakulia. Alimwuliza Adiega, "Nyenje wanalia kiangazi?"

"Kila mwaka, shangazi. Usiku hatulali."

"Mwaka jana?"

"Walilia."

"Na mwaka uliotangulia?"

"Huo pia." Mama Tritos alihesabu mwenyewe kwa vidole tangu kiangazi cha kwanza kisicho na nyenje, nasi tulimwona alipofika kwenye kile cha kabla Tritos hajaondoka. Aliinuka, akatoka kibandani, akashuka ndani ya shimo la vigae kwa miguu mitupu.

Tulimwacha siku ile, lakini hakuacha. Kwa siku nne alichimba humo kwa mikono, akitupa vigae vya juu na kushuka kwa vya zamani, miguu na vidole vikimtoka damu. Siku ya tano nilivua viatu vyangu vya Narbo nikashuka nimsaidie, na baada ya muda Masueto naye akaja na koleo. Hakusema neno zuri. Alisema tu, "Ulivyokuwa unanivunjia, umenifanya nimfukuze mchanganya udongo wangu. Mtu hana kosa. Sasa anachunga mbuzi," akaendelea kuchimba.

Vigae vya Tritos tulivipata chini ya tabaka la majivu. Mama Tritos hajui kusoma, lakini muhuri wa mwanawe aliufahamu kwa umbo. Alivikusanya katika aproni, akavipeleka kwa Mzee Summako, akavimwaga mezani.

Mzee alikichukua kimoja akakitazama penye mavunjiko, akakilamba, akakipeleka mwangani. Akakitazama kingine. Na kingine.

"Sema, mzee," alisema Mama Tritos. "Usinihurumie."

"Mavunjiko ni safi. Moto umeingia hadi katikati."

"Vingapi vizuri?"

"Mama Tritos, mambo haya yamekwisha pita."

"Vingapi?"

"Vyote nilivyoviona," alisema Mzee Summako. "Sijawahi kufinyanga vyembamba hivi mimi."

Nilikuwepo. Nilitamani mzee huyo angedanganya, japo kidogo. Mama Tritos alivirudisha vigae katika aproni, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba bado vingeweza kuvunjika.

Kazi alimwachia Adiega. Kipupwe kizima hakuonekana mtoni. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amekaa karibu na moto na vigae vimepangwa sakafuni, akijaribu kuunganisha kikombe kimoja, hata kimoja tu kikamilike. Hakikukamilika. Siku moja aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mwalimu, wewe umeiona bahari. Ina sauti gani?"

"Nzito," nilijibu. "Inanguruma."

Alifikiri. "Hiyo labda ningeisikia."

Masika yalipokaribia alikuja mezani kwangu, na kwa mara ya kwanza hakugonga kitu. Alitaka barua kwa Tritos. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa siku mbili niliandika barua ndefu katika kibao cha nta, nikaweka ndani yake toba na machozi, nikataja upendo wa mama na wepesi wa wanadamu kukosea, kwa mpangilio niliofundishwa. Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni nzuri," alisema. "Hayo ni ya kwako. Sasa andika ya kwangu. Na usiandike kwenye nta. Nta unaipitisha kidole, imekwisha."

Tukaenda kwa Mzee Summako. Desturi ya hapa ni kwamba orodha ya vyombo vinavyoingia jokoni huchorwa kwenye mgongo wa sahani mbichi, ikachomwa pamoja navyo, isifutike. Mzee alitoa sahani mbichi bila kuuliza. Mama Tritos alisimama nyuma yangu, nami nikachora kwa ncha ya kalamu aliyoyasema, bila kuongeza.

"Tritos. Vikombe vyako vilikuwa vizima. Mimi sikusikia. Kosa halikuwa lako hata kidogo. Uliniomba nigonge tena, nikakataa. Mama yako."

Sahani iliingia jokoni pamoja na nyingine elfu thelathini. Ilipotoka, Adiega aliigonga kama zote. Mama Tritos alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, nyuma ya kamba, pamoja na wafinyanzi.

"Imelia?" aliuliza.

"Imelia, shangazi."

"Usinidanganye."

"Imelia," alisema Masueto. "Mimi ningekudanganya mimi?"

Aliyeibeba ni Kobnerto, mchunga nyumbu, mtu wa maneno mengi na meno machache, ambaye kila kiangazi huenda kaskazini. Alirudi vuli. Tulimzunguka kabla hajafungua mizigo. Alisema alimkuta Tritos Ledoso, mnene kidogo, ana ndevu, anafinyanga vikombe ambavyo watu wa kule wanaogopa kuvishika. Alimpa sahani. Tritos aliigeuza akasoma akiwa amesimama mlangoni, akairudia tena. Akauliza nani ameandika.

"Nikasema, mwalimu. Akauliza, na nani amesema? Nikasema, mama yako, kijana, nani mwingine? Akaingia ndani. Nikakaa hapo nje kama mjinga, sijapewa hata pombe ya shayiri. Akatoka na kikombe kimefungwa kwenye majani. Nikanyoosha mkono nikipokee, akakivuta nyuma. Akasema, hapana, hiki nitakileta mwenyewe. Mwambie masika yajayo, joko likifunguliwa, nitakuja na msafara wa nyumbu. Mwambie atakigonga tena."

"Alisema kwa hasira?" Mama Tritos aliuliza.

"Alisema hivyo hivyo nilivyosema."

"Wewe husemi kama watu. Alikuwa na hasira?"

Kobnerto alikuna shingo. "Mama Tritos, mimi naongea na nyumbu. Sijui."

Maneno hayo yametafunwa hapa kipupwe chote. Masueto anasema kijana anakuja kumwaibisha mama yake mbele ya watu, kwa kuwa anajua hasikii. Adiega anasema mtu mwenye hasira hatembei njia yote ile na kikombe chembamba kifuani. Mimi nimeulizwa mara nyingi, kwa kuwa nimesoma, nami nimejifunza kusema sijui.

Mama Tritos yeye anajiandaa. Tangu Kobnerto arudi amekuwa akifanya mazoezi. Anakiweka chombo juu ya ncha za vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kimesimama kama ndege anayetaka kuruka, kisha anakigonga kwa sugu ile ya kulia, polepole, akiwa amefumba macho. Chombo kizima hutetemeka. Mtetemo ni mdogo mno, hukaa muda wa pumzi moja. Adiega hukaa mbele yake akimwambia amepata au amekosa. Mwanzoni alikosa karibu vyote. Sasa vinene anavitambua, vya kadiri hukosea kimoja katika vitatu. Vyembamba bado vinamshinda, kwa kuwa mkono wake nao hutetemeka, na hajui upi ni wake na upi ni wa chombo.

Mzee Summako amempa ule muhuri uliorudishwa. Ameufunga katika kitambaa cha kitani, uko kifuani mwake.

Leo ni siku ya sita tangu moto uzimwe. Joko linapoa, litafunguliwa keshokutwa. Theluji imeyeyuka kwenye njia ya kaskazini, na jana mchunga mbuzi wa Masueto, yule mchanganya udongo wa zamani ambaye hakutaka kurudi, alishuka akasema ameona nyumbu wengi wamelala ng'ambo ya mto Tarni wakingoja maji yapungue. Hakujua ni wa nani. Tangu alfajiri tumekaa kwenye jiwe la kivukoni, Mama Tritos na mimi. Amevaa joho lake jema. Hana njia ya kusikia kengele za nyumbu, zina sauti ya juu, basi ameniambia nisikilize kwa niaba yake, nisisomeshe leo, nisifikirie kitu kingine.

"Ukizisikia, usiseme," amesema. "Niguse bega tu."

Nimeweka mkono karibu na bega lake. Maji yameshuka kiasi cha shubiri mbili tangu asubuhi.